Charles Stokes, mwenye misafara aliyenyongwa juu ya pembe

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama na watoto munaobaki nyumbani mukingoja posho, kila mara tukikusanyika kwa sendika ulizo ni lile lile: juu ya nini kilo ya mawe iko na bei hapa Goma, lakini kule kwenye shimo inabaki kidogo hivi? Jibu moja iko kwa barabara. Mwenye kubeba anakata, mwenye bariyeri anakata, na kama yule anayenunua mawe ndiye pia mwenye magari, yeye anakata mara mbili. Jambo hili halikuanza na kamio. Lilikuwapo wakati muzigo ulipita juu ya kichwa na bega ya mutu. Leo nitawasimulia maisha ya mutu aliyekula kwa kazi hiyo na akafa juu yake.

Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin, katika Irlande, mwaka 1852. Hakuwa mutoto wa tajiri. Alipokuwa kijana aliingia katika misioni ya Waprotestanti wa Uingereza, si kama mchungaji, lakini kama mutu wa kazi za mikono na mipango. Mwaka 1878 alifika Zanzibar. Wakubwa wake wakamupa kazi ya kupeleka watu na mizigo kutoka pwani mpaka Uganda. Pale ndipo alijifunza ufundi wake wa kweli: kuongoza musafara.

Tuangalie kwanza musafara ulikuwa kitu gani, kwa sababu hesabu yake ni hesabu yetu. Hakukuwa na barabara ya magari, na punda na ng'ombe walikufa na mbung'o. Kila kitu kilibebwa na mupagazi. Muzigo wa mutu mumoja ulikuwa kama frasila mbili, ni kusema kilo 30 na zaidi. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikuwa miezi miwili mpaka mitatu kwa miguu. Mwenye musafara alipaswa kulipa mushahara wa wapagazi, mara nyingi kwa nguo na shanga, na posho ya kila siku. Tena alilipa hongo kwa kila sultani mwenye inchi ambayo alipita. Ile hongo ndiyo bariyeri ya zamani. Ukichanganya yote, kitu cha bei ndogo pwani kilifika kwenye ziwa kikiwa na bei kubwa, na pembe ya tembo iliyonunuliwa rahisi ndani ya pori ilipata tajiri yake kule Zanzibar. Katikati alibaki mwenye kusafirisha.

Wapagazi wenye sifa kubwa kuliko wote walikuwa Wanyamwezi. Kwao, kijana asiyeenda pwani na muzigo hakuhesabiwa kuwa mwanaume kamili. Lakini hawakuwa watu wa kupelekwa ovyo. Wakati wa mvua walirudi kulima, na mwenye musafara aliyewadanganya hakupata watu safari ya pili.

Stokes alielewa jambo hilo mapema. Muke wake wa kwanza, Mwingereza, alifariki mwaka 1884. Kisha akamuoa Limi, binti wa jamaa ya sultani mumoja wa Unyamwezi. Wamisionari hawakufurahi, na alitoka kwao, akaanza kazi yake mwenyewe kama mwenye misafara na muchuuzi wa pembe. Kwa upande wa biashara, ndoa ile ilimupa kitu ambacho kompani za pwani hazikuwa nacho: wapagazi waliomujua kama shemeji, na njia iliyofunguka mbele yake.

Kwa maana pwani kulikuwa na wakubwa wa kazi hiyo. Huko Bagamoyo, Sewa Haji, tajiri wa asili ya Kihindi, alikuwa na maduka na mali ya kukopesha, na alikusanya wapagazi kwa mamia kwa ajili ya Wazungu waliotaka kuingia ndani. Mutu mudogo angewezaje kushindana naye? Stokes hakushindana kwa mali. Alishindana kwa kuijua njia na kuwa na watu wake. Alibeba mizigo ya wamisionari, alibeba ya wafanyabiashara, na kurudi alibeba pembe zake mwenyewe, ili musafara usirudi mutupu. Kila shoferi wa hapa kwetu anajua: kamio inayorudi bila muzigo inakula faida ya kwenda.

Tusimufanye kuwa mutakatifu. Stokes aliuza bunduki na baruti, na silaha zile ziliua watu. Mwaka 1889, wakati Kabaka Mwanga wa Buganda alikuwa amefukuzwa kwenye kiti, Stokes alimusaidia kwa mashua na kwa bunduki ili arudi. Baadaye alifanya kazi na Wajerumani waliokuwa wanashika Tanganyika, akawafungulia milango ya masultani aliowajua. Alikuwa mutu wa faida. Lakini alikuwa mwenyewe, bila bwana juu yake, na hilo ndilo lilimuponza alipovuka kuja upande wetu.

Kwa upande wetu kulikuwa na Leta ya Léopold wa Pili, ile watu waliita Bula Matari. Mwaka 1885, kule Berlin, mataifa yalikubaliana kwamba katika bonde la Congo biashara itakuwa huru kwa kila mutu. Mwaka 1891 Léopold alitoa amri ya siri: pembe na mpira vikusanywe kwa faida ya Leta. Tangu hapo Leta ilikuwa munyapara, munegosia, mwenye mashua za moshi na mwenye tribinali, vyote mara moja. Na maofisa wake walipewa matabishi ya pesa kwa pembe walizopata. Kadiri ofisa alinunua kwa bei ya chini, ndivyo matabishi yake yaliongezeka. Mutu huyo akikutana na muchuuzi anayelipa zaidi na kupeleka pembe mashariki, ataona nini mbele yake? Hataona mwenzake wa soko. Ataona adui.

Toka mwaka 1892 Leta ilipigana vita na Waarabu na Waswahili waliokuwa wakuu wa pembe na watumwa katika Maniema. Vita hiyo ilikuwa karibu kuisha wakati Stokes aliingia na musafara wake upande wa Ituri, kaskazini ya Kivu yetu, akitafuta pembe kwa wafanyabiashara wa Kiswahili aliokuwa nao katika mapatano. Mwezi wa 12 wa 1894, ofisa mumoja wa Leta, Josué Henry, alimukamata ndani ya hema yake, wakati watu wake wengi walikuwa wamekwenda kutafuta chakula.

Wakamupeleka kwa kapiteni Hubert Lothaire, mahali panapoitwa Lindi. Lothaire alimushitaki kwamba aliuzia maadui wa Leta silaha. Tarehe 14 Januari 1895 akamuhukumu kifo. Hakukuwa na avoka, na hakumuachia njia ya kukata rufaa. Kesho yake, tarehe 15, wakamunyonga. Alikuwa na miaka 42 ao 43.

Habari ilipofika Ulaya kelele ilikuwa kubwa. Leta ya Léopold ililipa Uingereza franga 150 000 na Ujerumani franga 100 000, na ikatoa amri kwamba Muzungu hatanyongwa tena kwa njia ile. Lothaire alishitakiwa Boma mwaka 1896, akaachiliwa. Wakamushitaki tena Bruxelles, akaachiliwa tena.

Soma vizuri amri ile: Muzungu. Watu weusi waliouawa juu ya pembe na mpira hawakupata amri yoyote mwaka ule. Na mupagazi alipata nini? Kule ambako wenye misafara walikuwa wengi, aliweza kumuacha huyu na kwenda kwa yule. Alipobaki na Leta peke yake, hakuwa tena na pa kwenda. Kubeba kukawa kazi ya lazima, na bei ikawekwa na yule yule mwenye fimbo. Reli ya Matadi mpaka Kinshasa ilimalizika 1898, na ile ya Mombasa ilifika ziwa 1901, lakini katika milima yetu watu waliendelea kubeba kwa mabega miaka mingi. Hata leo kuna magunia ya mawe yanayoshuka hivyo kutoka kwenye machimbo.

Kwa hiyo, ndugu, wakati munegosia anakuja kwenu akisema magari madogo yatoke, yeye ataleta yake, na ya bei rahisi, musikilize lakini musikubali upesi. Mwaka wa kwanza bei inaweza kuwa rahisi kweli. Ulizeni mwaka wa pili itawekwa na nani. Ombeni bei ya kusafirisha iandikwe mbali na bei ya mawe, kila moja kwenye mustari wake, ili muone anakata wapi. Na wenye kamio mbili ao moja, wenye moto, wenye kubeba kwa mugongo, musiwaone kuwa watu wa kando. Siku hawatakuwako tena, mawe yenu yatakuwa na mulango mumoja tu wa kutokea, na funguo itakuwa kwa yule anayeyapima.