Ar-Razi, tabibu aliyewaandikia wasio na tabibu

Huku kwetu Likoni na Kisauni ni nadra nyumba kukosa habasoda, asali na tangawizi. Mtoto akikohoa usiku, bibi huanza jikoni kabla hajafikiria feri. Watu husema hiyo ni tiba ya Kiarabu, wakaishia hapo. Mimi napenda tumjue mmoja wa walioiandika, naye hakuwa hata Mwarabu.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa mwaka 865 hivi mjini Rayy, karibu na Tehran ya leo. Aliongoza hospitali ya mji wake, kisha ya Baghdad. Kitabu kimoja alimtungia gavana wa Rayy, Mansur bin Ishaq. Lakini ninachokipenda mimi ni kile cha mtu asiye na tabibu, kilichoitwa pia Tiba ya Mafukara. Humo alieleza maradhi ya kawaida, kama kuumwa na kichwa, mafua, kikohozi na tumbo, na dawa akazichagua katika vitu vipatikanavyo sokoni, jikoni, hata kambini kwa askari. Yaani tabibu wa wakubwa anamfundisha maskini ajitibu nyumbani, asimlipe yeye hata senti!

Wauzaji wa chupa moja itibuyo sukari, presha na saratani hupenda kutaja matabibu wa zamani. Wangemsoma huyu wangenyamaza. Aliandika risala kueleza kwa nini watu hukimbilia matabibu wa uongo, na nyingine kuwa hata tabibu hodari haponyi kila ugonjwa. Zebaki aliijaribu kwa kima kwanza. Ndui na surua alizipambanua dalili zake kitabuni. Nami huku ng'ambo nimeona mgonjwa akicheleweshwa kuvuka kwenda hospitali kuu, watu wakingoja chupa ifanye kazi.

Falsafa yake wanazuoni wengi waliipinga, siingii huko.

Uzeeni alipofuka macho, akafariki Rayy mwaka 925 hivi. Husimuliwa kuwa makaratasi yake yalibaki kwa dada yake, waziri Ibn al-Amid akayanunua, wanafunzi wakayapanga. Kikatoka al-Hawi, kitabu kikubwa mno, kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kusomwa na madaktari wa Ulaya kwa karne kadhaa.