Utii Ulioanzia Mlangoni

Smith Wigglesworth unamjua kwa miujiza. Alizaliwa Uingereza mwaka 1859, nyumba ya kimaskini, akawa fundi bomba. Kusoma alifundishwa na mkewe, Polly. Kazi zilipochanganya, maombi yakapoa. Polly alipozidi kwenda ibadani, usiku mmoja akamfungia nje, eti yeye ndiye bwana wa nyumba. Lakini Polly alikuwa na Bwana mmoja tu. Asubuhi mlango ulipofunguliwa, mama yule aliyeuegemea usiku kucha akaangukia ndani, akainuka akitabasamu, akamwuliza angependa kula nini. Ndugu yangu, wewe ungenuna siku ngapi? Fundi akalainika, akamrudia Mungu. Miaka mingi mhubiri aliendelea kuwa Polly. Mwaka 1907 Wigglesworth akabatizwa kwa Roho Mtakatifu mjini Sunderland. Aliporudi akapanda mimbarani, na safari hii Polly ndiye aliyekaa kusikiliza.