Umar bin Abdul-Aziz: Kwa Lipi Apendwa?

Wengi hupenda kumtaja Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, na wachache hujiuliza ni kwa lipi apendwa. Hakutawala siku nyingi: alishika ukhalifa mwaka 99 wa Hijra (717), akafa mwaka 101 (720), hajatimiza miaka mitatu.

Alikuwa mtoto wa nyumba ya ufalme. Babake alikuwa liwali wa Misri, naye mwenyewe aliwahi kuwa liwali wa Madina, akijulikana kwa nguo nzuri na manukato. Alipopewa amri aliyaacha hayo. Hakuanza na watu baki. Alianza na nafsi yake, kisha jamaa zake Banu Umayya, akarudisha mali zilizochukuliwa pasi na haki. Mkewe Fatima, binti wa khalifa na dada wa makhalifa, alitoa vito vyake vikatiwa Baitul-Mali. Alikomesha kutukanwa kwa Sayyidna Ali juu ya mimbari, akawaondolea jizya waliosilimu, na akaamrisha Hadithi za Mtume (S.A.W.) ziandikwe zisipotee. Jamaa zake walichukia, naye hakurudi nyuma.

Ndugu msomaji, sisi twamsifu kwa ndimi. Lakini ni nani kwetu ashikaye mali ya waqfu au ya yatima, akaanza kujihesabu yeye na nduguze? Sifa zetu hazimzidishii kitu. Kumpenda ni kuirudisha haki kwa mwenyewe, hata ikiwa mikononi mwa jamaa zetu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe nguvu ya kumfuata. Amin.