Hiram Percy Maxim: Baba aliunda bunduki, mwana akaunganisha wapenzi wa redio

Kwa Afrika Mashariki, jina Maxim lina historia ya damu. Bunduki ya rashasha aliyoibuni Hiram Stevens Maxim mwaka 1884 ndiyo Wajerumani waliyoitumia kuwamiminia risasi wapiganaji wa Maji Maji kuanzia mwaka 1905.

Mzee huyo alikuwa na mtoto wa kiume, Hiram Percy Maxim. Huyu naye anakumbukwa dunia nzima, ila kwa jambo tofauti kabisa: redio za ridhaa. Hizi ni redio za watu wa kawaida wenye leseni, wanaozungumza wao kwa wao kwa mitambo yao ya nyumbani, bila biashara yoyote.

Baba aliondoka mapema

Hiram Percy alizaliwa Septemba 2, 1869, Brooklyn, New York. Mwaka 1881 baba yake alikwenda Ulaya kikazi, akaishia kuhamia Uingereza na kuiacha familia Marekani. Kijana alikulia kwa mama.

Kichwani alikuwa moto. Alihitimu chuo cha MIT mwaka 1886 akiwa bado hajatimiza miaka 17. Mwaka 1895 aliajiriwa na kampuni ya baiskeli ya Pope mjini Hartford, Connecticut, kuunda magari, enzi ambazo watu wengi hawajawahi hata kuliona gari.

Mwaka 1909 alipata hataza ya kifaa cha kufunga kwenye mdomo wa bunduki ili kupunguza mlio. Yaani baba kaleta bunduki, mwana kaja kuituliza kelele. Baadaye kampuni yake ilitumia maarifa hayohayo kutuliza kelele za injini.

Kilomita 40 zilizomshinda

Redio ilimvutia akiwa mtu mzima, na mwanawe naye akawa mpenzi wa mchezo huohuo. Mwaka 1914 akashiriki kuanzisha klabu ya redio pale Hartford.

Aprili mwaka huo alikuwa anatafuta valvu, kifaa kilichokuwa adimu sana. Akasikia jamaa mmoja wa mji wa Springfield anauza. Kutoka Hartford hadi Springfield ni kama kilomita 40, sawa na Nairobi hadi Thika. Maxim alikuwa na mtambo wenye nguvu ya kilowati moja, na sheria haikuruhusu zaidi ya hapo. Akaita, wapi! Usiku ule Springfield haikupatikana.

Lakini katikati ya safari, Windsor Locks, kulikuwa na mpenzi mwingine wa redio aliyekuwa akimsikia vizuri. Huyo akaupokea ujumbe, akaurusha mbele hadi Springfield. Kazi ikaisha.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kama watu wawili wanaweza kupokezana ujumbe, kwa nini nchi nzima isiweze? Ni kama mbio za kupokezana vijiti: hakuna anayekimbia safari yote, kila mtu anamaliza kipande chake.

Mwezi Mei 1914, yeye na Clarence Tuska, kijana mdogo tu, wakaanzisha American Radio Relay League, maarufu kwa herufi ARRL. Walituma barua kwa wapenzi wa redio kila pembe ya Marekani. Kufikia Septemba, vituo zaidi ya 200 vilikuwa vimejiunga. Desemba 1915 jarida lao, QST, likatoka kwa mara ya kwanza.

Mzee mkali wa kwenye jarida

Wengi hewani walikuwa vijana, na vijana wana vurugu zao. Wapo waliomkatiza mwenzao akiongea, wapo waliorusha mawimbi hovyo bila kujali nani anasikiliza.

Basi kwenye QST akatokea mwandishi mmoja aliyejiita Mzee, akiwachamba watu hao bila huruma, huku akichekesha. Wasomaji walimpenda, wakabaki kujiulizana ni nani. Jibu walilipata baada ya Maxim kufariki: alikuwa yeye mwenyewe.

Serikali yafunga hewa

Aprili 1917 Marekani iliingia Vita Kuu ya Kwanza. Amri ikatoka: vituo vyote vya ridhaa vifungwe, antena zishushwe. Wanachama wengi wakaenda jeshini, ambako ujuzi wao wa alama za Morse ulihitajika sana. Jarida likasimama.

Vita vikaisha Novemba 1918, lakini hewa haikufunguliwa. Jeshi la majini lilitaka libaki na mamlaka juu ya redio zote, na muswada ukapelekwa bungeni. Ungepita, huo ungekuwa mwisho wa redio za ridhaa Marekani.

Maxim alikwenda Washington kuwatetea wenzake mbele ya wabunge. Huku nyuma chama kikawaandikia wanachama, na wao, pamoja na familia zao, wakawamwagia wabunge wao barua. Watu wasiojuana kwa sura, waliozoeana kwa sauti za Morse tu, wakasimama pamoja. Muswada ukaanguka.

Chama chenyewe hakikuwa na fedha. Wanachama wakakikopesha kutoka mifukoni mwao ili kisimame tena. Oktoba 1919 wakaruhusiwa kurusha upya.

Kuvuka bahari

Sheria ya mwaka 1912 iliwasukumia kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambayo wakubwa wa redio waliyaona hayana faida. Wao wakaendelea kuyajaribu. Desemba 1921 mawimbi yao yalisikika Uskoti. Novemba 1923, Mmarekani Fred Schnell na Mfaransa Léon Deloy wakafanya mazungumzo ya kwanza ya pande mbili ya redio za ridhaa kuvuka Atlantiki.

Sasa mnyororo ulihitaji kuwa wa dunia. Aprili 1925, jijini Paris, uliundwa umoja wa kimataifa wa wapenzi hao, IARU, na Maxim akachaguliwa rais wake wa kwanza. Ndiyo maana hadi leo Aprili 18 ni siku yao duniani.

Safari ya mwisho

Februari 1936 Maxim alikuwa kwenye treni akielekea California alipougua njiani. Akashushwa La Junta, Colorado, akalazwa hospitali. Alifariki Februari 17, akiwa na miaka 66.

Kituo chake kilijulikana hewani kwa herufi W1AW. Kwa kawaida mwenye kituo akifa, herufi zake zinaweza kupewa mtu mwingine. Zake zilikabidhiwa kituo cha makao makuu ya ARRL, na hadi leo zinasikika kila wiki kutoka Newington, Connecticut.

Huku kwetu wapo pia. Ukisikia kituo kinachoanza na 5H, hiyo ni Tanzania. 5Z ni Kenya, 5X ni Uganda. Wengi wao hawajawahi kuonana na wale wanaowaita, lakini wakiitwa wanaitika.