Piet Hein na Daraja la Njia Mbili

Ukipita nje ya mabweni jioni utakuta watu wameinamia drafti, karata, pengine na bao. Hex hutaukuta. Hiyo ni hasara, maana mchezo huu hauli hela: karatasi na kalamu mbili za rangi tofauti basi, mmeanza. Aliyeubuni ni Mdenmaki mmoja, Piet Hein, na kisa chake kinatuhusu sisi wanafunzi kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa Copenhagen tarehe 16 Desemba 1905. Alijifunza uchoraji Stockholm, akarudi kwao akasoma fizikia kwenye taasisi ya Niels Bohr, kisha uhandisi. Yaani huyu bwana alikuwa msanii na mwanasayansi kwa wakati mmoja, na hakukubali kuchagua kimoja. Inasimuliwa kuwa siku moja, akiwa amekaa kwenye mhadhara wa Werner Heisenberg, mawazo yalimtoka nje ya darasa akabuni Soma, fumbo la vipande saba vinavyounganika kuwa mchemraba mmoja. Kwa hiyo tunaoota ndoto mhadharani tuna mwenzetu.

Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Denmaki. Kusema wazi ikawa hatari. Mwezi huohuo Piet Hein akaanza kuandika vishairi vifupi kwenye gazeti la Politiken, akijificha nyuma ya jina la Kumbel. Aliviita gruk. Cha kwanza kilihusu mtu aliyepoteza glavu moja, akaitupa ya pili kwa hasira, halafu akaiona ile ya kwanza. Wakaguzi walisoma utani, wakapitisha. Wadenmaki wakasoma jambo jingine kabisa: uhuru umeshapotea, basi utu wenu msiutupe, kwa sababu uhuru utarudi. Kishairi kilikuwa na milango miwili. Mmoja ukizibwa, mwingine unapita.

Tarehe 26 Desemba 1942, nchi ikiwa bado imekaliwa, gazeti hilohilo likachapisha mchezo wake mpya kwa jina la Polygon. Miaka michache baadaye John Nash aliugundua mwenyewe huko Princeton, Marekani, na mwaka 1952 ukauzwa kwa jina tunalolijua leo, Hex.

Ubao wake una vyumba vya pembesita kama sega la nyuki, 11 kwa 11, jumla 121. Wewe una pande mbili zinazotazamana, mwenzako ana mbili nyingine. Mnapokezana kujaza chumba kimoja kimoja. Hakuna kula kete, hakuna kuhamisha. Anayeunganisha pande zake mbili kwanza ameshinda, na sare haiwezekani.

Mgeni wa mchezo huweka kete zake zikigusana, moja baada ya nyingine, kama anayejenga ukuta. Atachelewa. Mjuzi anaruka: anaweka kete mbili zisizogusana, ila katikati yake kuna vyumba viwili vitupu, na kila kimoja kinazigusa zote mbili. Hilo ndilo daraja. Adui akiingia chumba cha kushoto, wewe unachukua cha kulia. Akiingia cha kulia, unachukua cha kushoto. Kete hazijaungana, lakini zimeshaungana! Kwenye ubao wa mistari 11, kete tano tu, kwenye mstari wa 2, 4, 6, 8 na 10, zinatosha kukufikisha ng'ambo, wakati mwenye kujenga ukuta anahitaji 11.

Ila angalia: madaraja mawili yasitumie chumba kimoja kitupu. Adui akikaa hapo anatishia yote mawili kwa kete moja, na wewe una zamu moja tu ya kujibu. Kosa la pili ni kuziba daraja ambalo hakuna aliyeligusa. Hapo umemzawadia mwenzako zamu.

Baada ya vita Piet Hein aliendelea kuruka hivyohivyo. Mwaka 1959 wapangaji wa jiji la Stockholm walikwama na uwanja wa Sergels Torg: duara halikukaa vizuri, mstatili nao ulikuwa na kona kali. Akawapa umbo la katikati, supaelipsi, likaja kutumika hata kwenye meza. Yale wakamtunuku udaktari wa heshima mwaka 1972. Alifariki tarehe 17 Aprili 1996, akiwa na miaka 90, ameacha maelfu ya gruk.

Wenzangu, wengi wetu tumeweka maisha yote kwenye chumba kimoja: kozi moja, ajira moja tunayoisubiri. Chumba hicho kikikaliwa na mwingine, tunaona mchezo umekwisha. Piet Hein aliacha daima chumba cha pili kitupu. Leo jioni chora ubao, mwite jirani wa chumbani, na usizibe daraja lako kabla halijaguswa.