Roosevelt: Alishinda kwa wanachama, akaangushwa na wajumbe

Anayesafirisha mzigo kutoka Mombasa hadi Uganda anaijua njia hiyo kwa mizani na foleni za malori. Aprili 1909 ilipitwa na mgeni aliyekuwa ametoka Ikulu ya Marekani mwezi uliotangulia, Theodore Roosevelt. Alishuka Mombasa, akapanda treni ya bara, akaketi mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama. Aliwinda kwa miezi mingi, akavuka Ziwa Victoria hadi Entebbe, akapita Kampala na kushuka na Nile mpaka Khartoum, alikofika Machi 1910.

Huko nyuma chama chake cha Republican kilikuwa kinachanika.

Roosevelt alizaliwa New York mwaka 1858. Alikuwa makamu wa rais McKinley alipouawa mwaka 1901, naye akashika nchi akiwa na miaka 42. Mwaka 1908 hakugombea, akamwachia kiti rafiki yake William Howard Taft. Kilichowagawa wanachama kilikuwa jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani hahitaji kufafanuliwa: ushuru wa forodha. Wanamageuzi walitarajia upunguzwe sana. Taft akatia saini sheria ya mwaka 1909 iliyoupunguza kidogo tu, na kwa bidhaa nyingine ukapanda. Wahafidhina wakafurahi. Wanamageuzi wakamgeukia Roosevelt.

Mwaka 1912 aliingia kupambana na rafiki yake. Kura za mchujo zilikuwa jambo jipya, majimbo machache tu yakizipiga. Roosevelt alishinda 9, hata Ohio, nyumbani kwa Taft. Lakini majimbo mengi wajumbe waliteuliwa na viongozi wa chama, na kusini, ambako chama kilikuwa na wapiga kura wachache mno, wengi wao walikuwa watumishi wa serikali waliopata kazi kwa hisani ya rais. Mtu wa namna hiyo atampinga nani?

Mkutano mkuu ulifanyika Chicago mwezi Juni. Viti 254 vya wajumbe vilibishaniwa, na mwamuzi alikuwa Kamati ya Taifa, iliyokuwa mikononi mwa kambi ya Taft. Ikampa Taft 235, Roosevelt 19. Baadhi ya madai ya Roosevelt yalikuwa dhaifu kweli, lakini si yote. Wajumbe wake 344 walikaa kimya kura zilipopigwa, Taft akapitishwa.

Roosevelt akaunda chama chake. Oktoba alipigwa risasi Milwaukee, akahutubia kwanza ndipo akaenda hospitali. Novemba alipata asilimia 27 ya kura, Taft 23. Woodrow Wilson wa Democratic akachukua nchi kwa 42.

Marafiki hao walipatana Mei 1918, katika ukumbi wa chakula wa hoteli moja huko huko Chicago. Roosevelt alifariki Januari 6, 1919, na Taft alikuwapo mazishini.