Hayati Grace Hopper: Mama aliyeifunza kompyuta kuunda programu

Kijana anayetengeneza programu leo, awe Muscat, London au Dar es Salaam, akimaliza kuandika hubonyeza kitufe kimoja tu. Papo hapo kompyuta huyageuza maandishi yake kuwa programu kamili, na pakiwa na kosa humwonyesha liko mstari gani. Wengi wetu hudhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Ilibidi mama mmoja wa Kimarekani abishane na wakubwa wake kwa miaka kadhaa.

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906. Akiwa na umri wa miaka saba alifungua saa za nyumbani kwao moja baada ya nyingine ili aone zinavyofanya kazi, mpaka mama yake akamruhusu achezee moja tu. Mwaka 1934 alipata shahada ya udaktari wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale, huku akifundisha katika chuo cha Vassar. Jina la Hopper lilikuwa la mumewe, ambaye waliachana mwaka 1945.

Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto aliomba kuingia Jeshi la Majini, ingawa uzito wake haukufikia kiwango kilichotakiwa. Mwaka 1944 akapelekwa Harvard kwenye kompyuta ya Mark I, yenye urefu wa mita 15 hivi. Mashine hiyo ilipokea amri kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Tundu moja likikosewa, hesabu nzima imeharibika, na hizo zilikuwa hesabu za vita.

Tarehe 9 Septemba 1947 mafundi wa Mark II, mashine iliyofuata, walimkuta nondo amenasa ndani ya swichi. Walimbandika mdudu huyo kwenye daftari la kazi, ambalo limehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian. Wako wanaosema Bi. Hopper ndiye aliyeanza kuyaita makosa ya mashine wadudu. Si kweli, mafundi walilitumia neno hilo tangu zama za Thomas Edison. Yeye alikipenda kisa hicho na kukisimulia kila alipokwenda.

Lakini wadudu wengi hawakuwa na mbawa. Walitoka mikononi mwa watu. Watengenezaji walinakili vipande vya programu kutoka daftari moja hadi jingine, na binadamu akichoka hukosea. Bi. Hopper akajiuliza kwa nini mashine yenyewe isiifanye kazi hiyo. Mwaka 1952 alikamilisha A-0, programu iliyokusanya vipande vilivyohifadhiwa na kuviunganisha yenyewe. Wengi hawakumwamini. Walishikilia kwamba kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuunda programu.

Hakukata tamaa, bali alizidisha. Alitaka watu wa biashara wasiojua hisabati ngumu waiamuru kompyuta kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza. Ili kuwaonyesha wakubwa kwamba jambo hilo ni rahisi, aliandaa programu ile ile kwa maneno ya Kifaransa na ya Kijerumani. Wakubwa wakashtuka: mashine ya Kimarekani itaelewaje lugha za kigeni? Ikambidi aahidi kubaki na Kiingereza. Kazi yake hiyo ndiyo iliyochangia sana kuzaliwa kwa COBOL mwaka 1959, lugha ambayo mabenki mengi yanaitumia hadi leo.

Alistaafu jeshini mwaka 1986 na cheo cha admirali wa nyuma (rear admiral), akiwa na miaka 79, akafariki tarehe 1 Januari 1992. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku marehemu Nishani ya Uhuru ya Rais.

Sisi tuzungumzao Kiswahili tukumbuke walichoshindwa kukielewa wakubwa wale. Kwa mashine, neno la Kiingereza na la Kifaransa ni alama tu, na letu ni hivyo hivyo. Kizuizi hakikuwa ndani ya kompyuta, kilikuwa vichwani mwa watu.